Jina Alilolitaja Darajani

Stambuli, rafiki yangu tangu shule, alinipitia dukani Kihonda alasiri, pikipiki ikiunguruma.

"Doreen, twende Kinole. Nataka picha ya daraja jua likizama."

Sikuona ubaya. Kwa miezi mitatu tulikuwa tukiuza stika za lile daraja la chuma, la tangu enzi za Mjerumani, lililovuka mto chini ya kijiji cha kina Stambuli. Yeye anapiga picha, mimi nachapa na kukata. Wanachuo walizibandika kwenye kompyuta zao, madereva kwenye bajaji.

Tulipofika, ukungu ulikuwa umeshashuka mlimani. Karafuu zilizoanikwa zilinukia njia nzima. Karibu na mto harufu ikabadilika. Chuma kilicholowa...

Bibi mmoja alikuwa akifunga ndizi zake kando ya njia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwa Stambuli. "Ndiye huyu?"

Stambuli akacheka kidogo.

Tukapanda darajani. Nikangoja atoe kamera. Hakuitoa. Alisimama tu, anasikiliza maji.

Kisha maji yakanyamaza.

Nilichungulia. Yalikuwa yanapita kwa kasi juu ya mawe, bila sauti yoyote.

Kutoka chini ya mbao za daraja ikaja sauti ya mzee. Ya upole kabisa.

"Nani anatuchukua picha?"

Nikamvuta mkono. "Stambuli... tuondoke."

Akapiga magoti, mdomo karibu na mbao, akanong'ona. Katika ukimya ule nilisikia kila neno.

"Doreen. Binti Happiness."

Picha zote zilikuwa zake. Hakuna hata moja niliyopiga mimi. Na Happiness ni mama yangu, aliyekuwa akitupakulia ugali sahani moja tulipokuwa shule. Jeneza lake Stambuli alilibeba begani mwaka jana, akilia kuliko mimi.

"Ahsante," sauti ikasema.

Maji yakarudi kunguruma.

Nilikimbia. Nilirudi mjini juu ya fuso la ndizi.

Asubuhi alikuja dukani, macho mekundu.

"Tangu tuanze kuuza stika, wale wa darajani walikuwa wanamwita mwanangu, Doreen. Kila magharibi anatembea usingizini kuelekea mlangoni, miguu imelowa, na nyumbani kwangu mjini hakuna mto. Yule bibi akaniambia nitaje jina la mtu mwingine, pamoja na la mama yake mzazi."

"Ukataja langu."

"Wewe huna mtoto. Na mama ameshafariki. Nilifikiri..." Akafuta pua. "Nilifikiri hakuna wa kuumia."

Nilimfukuza. Kesho yake mkewe alinipigia simu kwa furaha: mtoto amelala fofofo. Maskini, hakujua lolote.

Mimi sikuitwa. Wiki nzima kila magharibi nilitega sikio. Kimya. Nikaanza kupumua.

Jana akaja msichana wa chuo, kompyuta kwapani, akimtafutia rafiki yake stika kama ya kwake.

"Dada, huyu mama darajani ni nani?"

"Picha hiyo haina mtu."

Akanigeuzia kompyuta.

Mama.

Gauni la bluu tulilomzika nalo. Yuko katikati ya daraja, peku, amegeuza shingo kama mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu.

Nikatoka mbio hadi kijiwe cha bajaji. Nikakagua stika moja baada ya nyingine.

Yumo.

Yumo.

Yumo.

Kwenye ile ya mwisho alikuwa ameshashuka mtoni, maji yamemfika magotini.

Nimempigia Stambuli mpaka simu imeisha chaji. Hapokei. Leo nimefunga duka mapema, nimekaa kitandani, naliwaza lile neno la bibi: jina la mtu mwingine, pamoja na la mama yake mzazi.

La mama yake Stambuli nalijua. Ni Mwajuma. Yu hai, anauza mdalasini sokoni. Asubuhi nilipopita alinifungia kidogo kwenye gazeti, akakataa hela yangu.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Siku hizi umekonda."