Meno ya Plasta

Rudishieni huo mlango, msogee. Haya ya Dokta mmoja wa meno yalitokea mchana kweupe, hapa hapa kwetu kwenye vinamasi vya Luiziana.

Eulalie, mke wa Dokta, aliweka mchuzi wa gumbo mezani, akakuta mkate wa mahindi umeng'atwa.

"Alcide! Umekula kabla ya sala?"

"Mimi? Hata sijakaa!"

Dokta Alcide Guidry, aliyekuwa akitoa ushahidi wa alama za meno mahakamani, akautazama mkate. Alama ile aliijua. Ndiyo aliyoiona kwenye ngozi ya marehemu Odile, binti aliyeopolewa kinamasini, akamwapia jaji: "Ni meno ya Leander Batiste, bila shaka yoyote." Sasa Leander alikuwa gerezani akingoja sindano ya kifo, na rufaa yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa ile.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Kwenye kabati la Dokta, alimohifadhi plasta, mifano migumu ya meno ya wote aliowatolea ushahidi, meno yakawa yanagongana ka, ka, ka, na harufu ya tope ikapanda mpaka kwenye shuka.

Eulalie akamwita Bi Philomène, mganga wa maombi. Alipoligusa tu kabati, ikamtoka sauti isiyo yake, sauti ya msichana aliyejaa maji.

"Nani kaniuma, Dokta?"

"Leander," akanong'ona.

"Ulimwona?"

"Nililinganisha plasta yake na…"

"Kobe wa majini ndiye kanitafuna kinamasini. Halafu ukaja wewe, ukaikandamiza plasta ya meno ya Leander kwenye ngozi yangu mpaka ikaacha alama. Aliyeniuma ni wewe."

Bi Philomène akazinduka. "Huyu hafukuzwi kwa ubani. Anataka useme 'sijui', pale pale uliposema 'bila shaka'."

"Nitachekwa nchi nzima!"

"Wewe utachekwa," Eulalie akasema polepole. "Mtoto wa watu atazikwa."

Ijumaa Dokta akapanda kizimbani, harufu ya tope ikimzunguka bila mwingine kuisikia, ka ka ka ikimgonga ndani ya taya zake mwenyewe mpaka akadhani ulimi utakatika, na jaji alipomuuliza kama yale yalikuwa meno ya Leander, akafumba macho.

"Sijui, mheshimiwa. Wala sikuwahi kujua."

Mama yake Leander akapiga yowe la furaha. Hukumu ikafutwa.

Nyumbani, plasta ya Leander ilikuwa kimya. Harufu imekwisha. Eulalie akacheka, akaenda kutoa mkate jikoni.

Ndipo kabati likafunguka lenyewe.

"Alcide," Eulalie akaita kutoka jikoni. "Uliwatolea ushahidi watu wangapi?"

Mkate mikononi mwake ulikuwa umeng'atwa pande zote, na kila upande kwa meno ya mtu mwingine.