Kibanio Chekundu, Kibanio Cheupe

Katika giza la alfajiri, Cheche alisikia vibanio vya nguo vikigongana ndani ya mkebe. Mama yake alikuwa kibarazani akianika sare za shule kabla ya kutoka. Kila asubuhi ilianza hivyo: vibanio kwanza, halafu maji ya kuoga, halafu sauti ya Mama, "Cheche, miguu chini!" Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu hakujua kutulia. Hata akingoja uji upoe, goti lake lilicheza.

Leo hakungoja kuitwa. Ilikuwa siku ya Bibi kufanyiwa upasuaji wa jicho. Walikuwa wameisubiri tangu muhula uliopita, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba mgonjwa akichelewa, nafasi yake inapewa mwingine, naye anaanza kungoja upya.

Mama alikuwa dereva wa teksi ya umeme. Waliishi ghorofa ya tatu, na waya haungeweza kuteremshwa dirishani mpaka barabarani. Kwa hiyo gari walilichajia kwenye kituo cha umma nyuma ya soko, pamoja na watu wa mtaa mzima. Jana jioni Mama alikuta foleni ndefu, akaamua kuwahi asubuhi.

"Jicho likishapona," Bibi alisema akishuka ngazi polepole, mkono wake begani mwa Cheche, "nitamwona vizuri huyo anayenimalizia sukari yangu."

"Ni panya, Bibi."

"Panya aliyesukwa nywele? Haya, mke mwenzangu. Tutaonana."

Kituoni kulikuwa na nguzo mbili za kuchajia. Moja ilikuwa mbovu, imevishwa mfuko wa plastiki kichwani. Nyingine ilikuwa na gari dogo jeupe, la zamani kidogo, na ndani yake hapakuwa na mtu. Taa ya kijani iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima.

Mama alitazama huku na huku. "Mwenyewe hawezi kuwa mbali. Ngoja nikamuulizie sokoni. Cheche, kaa na Bibi. Usiguse kitu."

Cheche alikaa. Goti likaanza kucheza. Kwenye kiti cha nyuma Bibi alikuwa amejitanda kanga, midomo yake ikisali bila sauti. Jua lilikuwa tayari limegusa mapaa ya soko, na Mama haonekani.

Alishuka, akachungulia kwenye kioo cha gari jeupe. Hapakuwa na karatasi wala namba ya simu. "Ameliegesha kama yuko kwao," alinung'unika. Akaitazama tena ile taa. Simu ya Mama ikijaa huonyesha kijani. Basi kijani si ndiyo kujaa?

Aliushika waya, akavuta. Ukachomoka bila ubishi. Akauchomeka kwenye gari lao.

"Sauti gani hiyo?" Bibi aliuliza.

"Zamu yetu imefika, Bibi."

Mama alirudi akihema. "Sikumpata. He! Nani ametuchomekea?"

"Mwenyewe alikuja, Mama. Akachomoa, akasema tuendelee. Halafu akarudi sokoni."

"Mungu ambariki," Mama alisema. Maneno hayo yalimuuma Cheche kuliko kama angegombezwa.

Muda si mrefu akatokea mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, begani amebeba boksi la baridi la rangi ya buluu. Aliliweka ndani ya gari jeupe, akaketi, akawasha, kisha akashuka upesi.

"Jamani! Nani amenichomolea?"

Mama alishangaa. "Lakini dada, si wewe uliyemwambia binti yangu tuendelee?"

"Mimi? Binti yako ndiyo kwanza namwona sasa hivi."

Mama alimgeukia Cheche. Hakupaza sauti. Alimngojea tu, na huko kungojewa kulikuwa kuzito. Cheche angeweza kusema kwamba labda walikuwa wachukuzi wa sokoni, maana walipita wengi. Lakini aliliona lile boksi, na neno CHANJO lililoandikwa ubavuni. Goti lake likaacha kucheza.

"Ni mimi niliyechomoa," alisema. "Nikamdanganya Mama. Nilidhani limejaa. Lakini hata lisingejaa ningechomoa tu, kwa sababu ya jicho la Bibi."

Muuguzi alishusha pumzi. "Mwanangu, taa ikipepesa ujue linakula. Ikitulia ndiyo limeshiba. Kule ninakokwenda hakuna nguzo kama hii. Kina mama wanatembea mbali, watoto mgongoni. Gari likinizimikia njiani, barafu inayeyuka na chanjo zinaharibika." Akatikisa kichwa. "Na mimi nina kosa langu. Nimeacha gari bila namba ya simu, utadhani nguzo ni mali ya babangu."

"Mama," Cheche alisema, "tuchomoe sisi."

"Na Bibi?"

"Umeme umeshaingia kiasi gani?"

Mama aliinamia dashibodi. "Ukijumlisha na uliobaki jana, tukienda taratibu unatufikisha hospitali. Kurudi, hapana."

"Kurudi tutachaji kule kule. Bibi akiwa kwa daktari si tutakuwa tumekaa tu?"

Kutoka kiti cha nyuma sauti ikasikika: "Chomoeni. Jicho la wizi silitaki."

Muuguzi alicheka ingawa hakutaka. Cheche alichomoa waya, akasimama kando ya gari jeupe. "Naomba nichomeke," alisema. Muuguzi alipoitikia, akachomeka, wala hakuondoka mpaka alipoiona taa ikipepesa.

Njiani walizima feni na redio, wakafungua madirisha. Kwenye mlima malori yaliwapita yakipiga honi.

"Wapigie na wewe," Bibi alimwambia Mama. "Wajue tupo!"

"Hata honi inakula umeme, Bibi," Cheche alisema, macho kwenye mshale wa chaji. Hakuuachia mpaka geti la hospitali lilipoonekana. Waliingia mshale ukiwa kwenye nyekundu, na karani wa mapokezi alikuwa ameshainua kichwa kumtafuta mgonjwa wa kwanza. Mgonjwa mwenyewe akaingia akihema, mjukuu wake akimvuta mkono.

Jioni walirudi, Bibi na bandeji jichoni. Cheche hakuketi. Alichukua mkebe wa vibanio, akatenga vyekundu na vyeupe, akakata kipande cha katoni na kuandika namba ya simu ya Mama kwa herufi kubwa.

"Unataka nini na vibanio vyangu?" Mama aliuliza.

"Ukibana cheupe kwenye waya, maana yake taa ikitulia mwenzako anaruhusiwa kukuchomoa. Ukibana chekundu, asiguse, apige simu kwanza. Namba inakaa kwenye kioo."

Kesho yake kituoni madereva walicheka. "Kwa hiyo sasa tunaanika magari?" mmoja aliuliza. Cheche alijua atachekwa, na alikuwa ameazimia kutoondoka. Alisimama pale na mkebe wake, akimweleza kila aliyeegesha. Wa kwanza kuchukua kibanio alikuwa yule muuguzi. Wa pili alikuwa yule yule dereva mcheshi. Hatimaye mkebe ukaning'inizwa kwenye nguzo mbovu, ukawa wa wote.

"Umefanya vizuri," Mama alimwambia jioni moja wakikunja nguo. "Lakini kumbuka, kibanio hakiwezi kumzuia mtu mwongo. Siku ile sisi tulikuwa na haraka, na muuguzi alikuwa na haraka. Ya kwetu tuliijua. Ya kwake hatukuijua kwa sababu hatukumuuliza. Kitu cha watu wote, mwanangu, unauliza kwanza, unachukua kinachokutosha, halafu unampisha mwenzako. Na ukikosea, unasema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

Wiki iliyofuata walikuwa tena kituoni. Bandeji ya Bibi ilikuwa imetoka, naye alikuwa akitazama kila kitu kama mgeni. "Sasa namwona panya wangu," alisema. "Ana sukari kwenye shavu." Cheche alijifuta haraka.

Taa ilipotulia, Mama alikuwa bado na kikombe cha chai mkononi. Nyuma yao gari dogo jeupe lilikuwa limesimama, boksi la buluu ndani. Cheche hakungoja kuambiwa. Aliruka chini, akachomoa waya, akabandua kibanio, akamnyooshea muuguzi plagi.

"Sisi tumemaliza, sasa ni zamu yako."