Mpima Si Mpangaji Miji

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nashonea sebuleni, watoto wakikanyaga vitambaa vya watu. Siku moja baba watoto akasema, "Mama, tukujengee chumba cha kushonea pale mbele."

Tukamwita mtu wa ramani. Akaja na chombo chake cha miguu mitatu, akatuonyesha mawe ya mpaka.

"Tunaweza kujenga mpaka hapa?" nikamuuliza.

"Jengeni tu. Kiwanja si chenu?"

Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, tulikuta umechorwa alama nyekundu: bomoa, siku saba. Damu ilinichemka. Nikaenda ofisi ya mipango miji, tepu ikiwa bado shingoni.

"Mtu wenu wa ramani alituruhusu, leo mnatubomolea! Mnatufanya watoto?"

Dada wa ofisini naye akapandisha sauti. "Mama, yule ni mpima ardhi. Kazi yake ni kuonyesha kiwanja kinaishia wapi. Mimi ni mpangaji miji. Mimi ndiye napanga wapi pajengwe nini, na wapi pabaki wazi. Miaka kumi na moja niko hapa, bado mnatuita sote watu wa ramani! Wewe ni fundi. Nikikuletea redio mbovu, utaipokea?"

"Thubutu! Nitakufukuza."

"Basi yeye aliipokea."

Akafungua mchoro wa mtaa wetu. Kila nyumba huacha mita tatu mbele, hata kama kiwanja ni chako, ili maji ya mvua na gari la zimamoto vipate njia. Chumba changu kingekaa vizuri ubavuni mwa nyumba. Akanipa fomu ya kuomba kibali cha ujenzi.

Tulibomoa wenyewe, tofali moja moja, tusiyavunje. Nililia kwa hasira. Kisha nikampigia mpima.

"Kwa nini hukusema hujui?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu yako imebomoa ukuta wangu!"

Kibali kilitoka. Sasa nashonea ubavuni, na hakuna anayekuja na rangi nyekundu.

Juzi mpima alikuja kupima kwa jirani. Jirani akamuuliza, "Hapa naweza kuweka duka?"

Mpima akatupa jicho dirishani kwangu. "Mimi napima tu. Hilo kamuulize mpangaji miji, kabla hujanunua hata tofali moja."

Hasira yangu haijaisha. Lakini siku hiyo nilimpa kiti.