Pawasaplai Kutoka Mgodini

Sema naongopa. Sema, nakusubiri! Shule niliikimbia mapema, lakini mji mzima wa El Alto hakuna anayeunga kompyuta akanishinda, na wewe na vyeti vyako hujui hata plagi ipi inaingia wapi. Basi tulia usikilize, halafu ubishe ukiweza.

Wilber, mwenzangu wa meza ya pili katika karakana ya bosi wetu, Doña Fidelia, alikuwa anaunga mashine ya mteja, saa nne asubuhi, jua kali. Pawasaplai, lile boksi la chuma linaloigawia mashine umeme, ilikuwa ya mtumba, imetoka kwenye ofisi ya mgodi uliofungwa huko Oruro. Akachomeka plagi kubwa ya nyaya ishirini na nne kwenye ubao mama. Kachi. Akachomeka na ile ndogo ya prosesa. Kachi. Feni ikaanza kuzunguka.

Waya wake wa kuchomeka ukutani ulikuwa bado umeviringwa mezani.

"Umeme uliobaki ndani huo," nikamwambia. "Vipi, umeshajikojolea?"

"Koma wewe," akacheka. "Utaisha sasa hivi."

Robo saa ikapita, feni inazunguka. Ikaja harufu ya mwamba uliolowa na baruti. Halafu ndani ya lile boksi la chuma, ngo, ngo, ngo, kama nyundo inayogonga mbali chini ya sakafu.

Doña Fidelia akaweka chini kikombe. "Wilber, mwanangu," akanong'ona, "ichomoe hiyo."

Wilber akabana kile kishikizo cha plagi kwa dole gumba, akavuta, haikutoka, akavuta tena, na nyaya za njano na nyeusi zikajikaza polepole kwenye kifundo cha mkono wake kama mwenyeji anayemzuia mgeni asiondoke, na feni ilipopunguza mwendo kifua chake nacho kikapunguza, na iliposimama hakupumua kabisa, akatukodolea macho huku midomo ikibadilika rangi, mpaka feni ilipoamka tena naye akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa ziwani.

"Msikate waya," akasema kwa taabu. "Ikisimama, nakufa."

Adhuhuri akaletwa mganga, Don Casimiro, na majani yake ya koka na shahamu ya mnyama lama, vitu vya kutambikia. Akanusa ile pawasaplai, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani aliinyunyizia kileo kabla ya kuifungua?"

Kwetu kitu cha mtumba hakiguswi hivi hivi. Kila pembe inapata tone lake, mwenyewe wa zamani anywe, aridhike, aondoke zake.

"Zamu ilikuwa ya Wilber," akasema Doña Fidelia.

"Nilinyunyiza, Doña. Pembe zote nne. Naapa."

"Mwenye hii si mtu," akasema Casimiro, sauti chini kabisa. "Anakaa ndani ya mlima, na anasema amenyimwa. Anataka jina la aliyemnyima. Akipewa la kweli, anaondoka na mambo yake. Akidanganywa, habanduki."

Nyundo ikanyamaza. Feni ikaanza kulegea.

"Mwanangu, labda ulisahau pembe moja," Doña Fidelia akalia. "Kubali tu!"

Wilber akatikisa kichwa, akatikisa tena, na feni ikazidi kulegea, na macho yake yakazunguka akitutazama mmoja mmoja, mpaka akaitikia kwa pumzi ya mwisho aliyobaki nayo: "Ni mimi."

Nyaya zikamwachia mkono. Feni ikazunguka, na mpaka leo haijasimama. Casimiro alimwaga chupa nzima, akachoma shahamu yote, bure. Huu mwaka wa tatu Wilber analala karakanani pembeni yake. Vumbi likiingia kwenye feni, anakohoa. Doña Fidelia anaipiga brashi kila asubuhi.

Bado unasema naongopa? Haya, kuna mahali nimeruka.

Wilber alinyunyiza kweli, pembe zote nne. Ila kile kileo nilikuwa nimekinywa mimi, nikajaza chupa maji ya bomba. Casimiro alipotaka jina, nilikuwa nimesimama nyuma yake, jina langu liko kwenye ncha ya ulimi. Pumzi ya kulitaja nilikuwa nayo. Wilber ndiye hakuwa nayo.