Jina Kwenye Risiti

Chwa, chwa, chwa.

Hiyo ilikuwa sauti ya godoro langu. Lilikuwa gunia lililojazwa majani makavu. Kila nilipogeuka kabla ya mapambazuko, majani yalilia. Mjukuu wangu Aline aliamka kwa sauti hiyo.

"Bibi, umelala?"

"Nimelala, mwana wanje," nilimjibu kwa Kiha, yaani mwanangu.

"Aliyelala hajibu," alisema, akacheka. Kisha alitoka kitandani, akawasha moto, akanipashia maji ya kunawa. Hakuwahi kuyasahau maji yangu hata siku moja.

Mimi naitwa Immakulata. Tunaishi Murungu, wilayani Kibondo. Aline ni mtu mzima sasa, anasuka nywele sokoni. Mimi huuza ndizi mbivu mbele ya duka la jumla la Hilali. Pale mlangoni pana kivuli, na Hilali hajawahi kunifukuza.

Mwaka huo nilianza kisomo cha watu wazima. Nilikuwa na miaka sitini na tisa. Mwalimu wetu, Kuruthumu, alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka Lindi. Nilipoishika penseli kama mpini wa jembe, hakunicheka. Alisema, "Bibi, soma kila karatasi unayoiona. Pakiti ya chumvi, kalenda, risiti. Usingoje kitabu."

Basi nikaanza kuokota risiti. Wateja wa Hilali walizitupa pale pale mlangoni. Niliziokota, nikazinyoosha gotini, nikazisoma. Kwanza nilisoma tarakimu. Halafu nikasoma maneno mafupi. Su-ka-ri. Sa-bu-ni. Nilizozimaliza niliziweka kwenye kopo tupu la maziwa.

Siku moja Aline alikuja kunisaidia kubeba ndizi zilizobaki. Alisoma tangazo lililobandikwa ukutani. Akalisoma tena. Macho yakamtoka.

"Bibi! Zile karatasi zako zina pointi!"

"Pointi ni kitu gani?"

"Mtu akinunua, duka linampa alama. Anatuma namba ya risiti kwa simu. Alama zikiwa nyingi, anapewa zawadi. Kuna sufuria, kuna taa ya sola, kuna godoro la inchi sita!"

"Lakini sisi hatujanunua."

"Bibi, hizi zimetupwa. Kilichotupwa hakina mwenyewe."

"Una hakika?"

"Tumeingia nyumbani kwa mtu? Tumefungua mfuko wa mtu? Ni takataka hizi, Bibi!"

Moyo ulitaka kuuliza tena. Lakini mgongo ulikuwa unauma, na mgongo ukashinda.

Aline alituma namba za risiti zote za kwenye kopo. Kila siku ya soko alituma nyingine. Baada ya miezi kadhaa alipigiwa simu. Magodoro yalikuwa yameletwa na lori kutoka Kasulu. Alilibeba la kwetu kichwani, akaimba njia nzima.

Asubuhi iliyofuata sikusikia chwa, chwa. Nilisikia jogoo tu.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kumjulia hali Manirambona. Yeye na mkewe Claudine ni majirani zetu. Wazazi wao walikimbia kutoka Burundi zamani, wao ni raia wa hapa. Claudine ana genge la chumvi, sukari na sabuni. Nilipougua malaria alinichotea maji wiki mbili. Hakusema hata mara moja kwamba ndoo ni nzito. Sasa shida ilikuwa kwake. Manirambona alikuwa ameanguka akiezeka nyumba, akavunjika nyonga. Alikuwa amelala miezi mitatu.

"Mwakeye," niliwasalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama. Karibu ndani," Claudine alijibu.

Alikuwa anamgeuza mumewe juu ya mkeka. Nikauona mgongo. Ulikuwa na vidonda viwili vyekundu, kila kimoja kama kiganja changu. Nilishika ukuta.

"Yesu wangu! Nini hiki?"

"Ni kulala, Mama. Daktari amesema mfupa unakandamiza nyama, ngozi inakufa. Nimgeuze kila baada ya saa mbili, na apate godoro nene. La sivyo, vidonda vitafika kwenye mfupa."

"Usiniangalie hivyo, Mama," Manirambona alisema. "Mdomo bado mzima."

Alitaka tucheke. Hatukuweza.

Claudine aliketi. "Nilikuwa karibu kulipata hilo godoro. Juzi nilikwenda kwa Hilali kuuliza bei. Karani wake, Herieth, alinishangaa. Akasema, 'Wewe unanunua hapa kila wiki. Pointi zako zinatosha godoro! Risiti ziko wapi?' Mama, mimi sijui kusoma. Mwaka mzima nimezitupa pale mlangoni! Akatazama kwenye mashine yake. Zote zimeshatumika. Mtu ameziokota, akachukua zawadi."

"Nani?" niliuliza.

"Karani hawezi kutoa namba ya mtu. Lakini siku nikimjua..." Alichovya kitambaa kwenye maji ya chumvi, akaendelea kumpangusa mumewe.

Nilipoaga, alinisindikiza mpaka njiani kama kawaida yake.

"Nasikia Aline amekununulia godoro," alisema. "Mungu ambariki mtoto yule. Lala vizuri, Mama."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Njia nzima nilijiambia, wateja wa Hilali ni wengi. Huenda zetu ni za watu wengine.

Nilimwaga risiti zote juu ya mkeka. Mstari wa juu sikuwahi kuusoma. Nilikuwa nauruka, maana ulikuwa na maneno marefu. Siku hiyo niliuwekea kidole.

M-te-ja. Mteja.

Neno lililofuata lilinishinda. Nikaenda kwenye la mwisho. Ma-ni-ra-mbo-na.

Nilirudia, nikidhani nimekosea. Ma-ni-ra-mbo-na. Nikarudi kwenye lile gumu, herufi kwa herufi, mpaka likatoka. Claudine.

Nikachukua risiti ya pili. Claudine Manirambona. Ya tatu. Jina lile lile. Nyingine hazikuwa na jina. Lakini zenye jina lake zilijaza viganja vyangu viwili.

"Aline!" niliita. "Soma hapa!"

Alisoma. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Bibi, mimi nilitazama namba tu!"

"Na mimi nilitazama sukari tu."

Nikamweleza habari za ule mgongo. Alikaa chini kama mtu aliyepigwa.

"Lakini alizitupa mwenyewe," alinong'ona. Hata yeye hakuonekana kuyaamini maneno yake.

Kesho yake asubuhi tulikwenda dukani na kopo letu.

"Shikamoo, Bibi," Herieth alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushtaki mtu."

"Nani tena?"

"Mimi."

Nilimwaga risiti mezani, nikamweleza yote. Herieth aliacha kalamu ikaanguka. Alitutazama, akazitazama risiti, akatutazama tena.

"Kumbe ni ninyi!" alisema. "Bibi wa ndizi!"

Neno hilo lilinichoma.

"Dada, tulidhani ni takataka," Aline alisema. "Watu walizitupa."

Herieth alivuta kiti, akanikalisha kwanza. Ndipo akasema, "Mdogo wangu, walitupa karatasi. Pointi hawakuzitupa, kwa sababu hawakujua kwamba wanazo. Pointi ni shukrani ya duka kwa aliyenunua. Tangazo linasema hivyo, mstari wa mwisho. Uliufikia?"

"Sikuufikia," Aline alisema.

"Claudine hakujua," nilisema. "Sisi tulijua."

Herieth alitazama ukuta. "Na sisi wa dukani tulijua. Tumebandika tangazo la maandishi, na wateja wengi hawasomi. Hatukuwaambia kwa mdomo. Hapo tumekosa."

"Basi nisiokote tena?"

"Okota, Bibi, usome. Lakini kabla hujatuma namba, muulize mwenyewe. Akijua ana nini, akakupa, hiyo ni zawadi. Usipompata, ziache pointi. Na tena, risiti si ya pointi tu. Mtu akiuziwa kitu kibovu, risiti ndiyo shahidi wake."

"Na pointi zilizobaki kwenye simu yangu?" Aline aliuliza.

"Zenye majina nitawarudishia wenyewe. Zisizo na majina nitazifuta. Ila godoro limeshalaliwa, duka haliwezi kulipokea." Alizikusanya risiti mezani. "Lakini mwenye godoro mnamjua."

Mchana huo Aline alilibeba tena godoro kichwani. Safari hii hakuimba.

Claudine alikuwa uani, anaanika maharage.

"Mnahama?" alitania.

"Claudine, godoro hili ni lako," nilisema. "Aliyeokota risiti zako ni mimi."

Ungo ulimtoka mikononi. Maharage yakatawanyika uani.

"Wewe?"

"Mimi na mjukuu wangu. Jina lako nimelisoma jana."

"Jana ulikaa mle ndani, Mama. Uliuona mgongo wake!"

"Nilikuwa sijalisoma jina. Lakini nilijua kwamba hatukununua kitu. Hilo nilijua tangu mwanzo."

"Nimekuchotea maji, mimi!"

"Ulinichotea. Wiki mbili."

Aline alikuwa bado na godoro kichwani, machozi yanamtoka. Claudine aliinama, akaokota ungo.

"Liwekeni ndani," alisema mwishowe. "Kisha mwende."

Tulilitandika. Aline alipiga magoti, akamshika Manirambona mabegani, Claudine akashika miguu. Walimlaza taratibu. Manirambona alifumba macho, akashusha pumzi.

"Linanukia ndizi," alisema.

Claudine hakucheka. Tulipotoka, hakutusindikiza. Mara ya kwanza tangu nimfahamu, tulitembea njia ile bila yeye.

Majani yakarudi kulia alfajiri. Chwa, chwa, chwa.

"Bibi, umelala?"

"Nimelala."

Aline hakutania tena. Aliamka, akanipashia maji, kisha akaenda kwa Claudine kusaidia kumgeuza Manirambona. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda asubuhi, akaenda tena jioni. Wiki ya kwanza Claudine alimwambia neno moja tu: "Shika." Wiki ya pili alimpa uji.

Mimi sikwenda. Niliona aibu. Nilituma ndizi tu.

Sokoni nilibadilisha kazi yangu. Mtu akitupa risiti, nilimwita. "Mwanangu, umeangusha mali yako. Ina pointi." Wengine walinicheka. Mama mmoja wa kutoka Kitanga, aliyekuja kununua sabuni za jumla, alisema, "Bibi huyu analipwa na Hilali!" Lakini aliinama akaiokota. Herieth naye alianza kumwambia kila mteja kwa mdomo. Asiyejua kutuma, Aline alimwonyesha kwa simu ya mteja mwenyewe, siyo kwa simu yake. Wakimaliza, wengi walinipa karatasi. "Chukua, Bibi, usome." Kopo langu likajaa tena, na safari hii nilizisoma kuanzia mstari wa juu.

Miezi miwili ilipokwisha, Aline aliniambia, "Bibi, anakuulizia."

"Nani?"

"Nenda tu."

Nilikwenda. Manirambona alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti, mguu umenyooshwa.

"Mama wa ndizi!" aliita. "Nilidhani umehama Murungu."

Claudine alitoka ndani. Alilipandisha shati la mumewe mgongoni. Kidonda kimoja kilikuwa kimefunga kabisa. Cha pili kilikuwa kimebaki kama kucha ya kidole gumba.

"Aline ana mikono mizuri," Claudine alisema. "Keti, Mama."

Tulikunywa uji. Nilipoaga, alisimama, akajifunga kanga vizuri, akanisindikiza mpaka njiani.

Hapo alifungua fundo la kanga. Alitoa risiti mpya, imekunjwa ndogo.

"Pointi nimeshatuma," alisema. "Jina langu liko wapi hapa?"

Nilimwonyesha. Alipitisha kidole chini ya mstari, polepole, kama mtu anayegusa mtoto aliyelala.

"Refu kweli," alisema.

"Refu, ndiyo. Lakini ni lako."

Aliikunja tena risiti, akaifunga kwenye kanga.

"Njoo tena Jumatano, Mama," alisema. "Usilete ndizi. Njoo na penseli."