Sehemu ya Tisini

Tahiri na Rasha walianza kwa kugombana. Duka la Tahiri, pale Barabara ya Kumi na Mbili, lilikuwa limejaa wanawake waliotoka sokoni, kila mmoja na flashi yake, wakisubiri tamthilia ya Kiarabu aliyoitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe. Binti wa buibui jeusi lenye nakshi za fedha akapenya hadi kaunta.

"Wewe ndiye mtafsiri? Jana Suhaila kamtukana ami yake, wewe ukamtia dua mdomoni."

"Wateja wangu watu wa heshima, dada."

"Basi wauzie mawaidha."

Akacheka, udi ukanukia, na Tahiri habari yake ikaisha pale pale.

Miezi minane walipendana kwa simu, na kila sehemu mpya ilipotoka waliijadili. Huyo Suhaila wa tamthilia alikuwa akikataa kuolewa na binamu yake, tena anamwambia baba yake kweli usoni. Rasha naye alikuwa na binamu, Hamed wa Maskati, aliyeahidiwa kumwoa tangu Rasha yuko darasa la saba.

"Suhaila akishinda, laazizi, nami namwambia baba," alisema.

Tahiri hakutaka kungoja. Akamwomba mjomba wake, mzee Mselem, apeleke posa Ijumaa.

Wiki ile ile ikaja sehemu ya tisini, ya mwisho. Suhaila akainamisha kichwa, akamwambia baba yake: nimekubali. Tahiri alikasirika kama aliyeibiwa. Wamsimamishe mwanamke sehemu themanini na tisa, halafu wamkalishe? Akashika maiki, na juu ya midomo ile ile akasema, "Sikubali, baba." Kwa hasira akasahau kupunguza sauti ya asili, na Kiarabu kikabaki kinasikika chini chini.

Alhamisi asubuhi Rasha akaingia dukani, macho yamevimba, hana hata wanja.

"Umemsingizia Suhaila, Tahiri. Nimemsikia kwa Kiarabu alivyosema."

"Nimemwokoa. Mwisho wao ndio wa uongo."

"Si uongo. Aliposema kweli mara ya kwanza, wakamtoa shule. Ya pili, mama yake akalazwa. Umeyatafsiri yote kwa kinywa chako, hukuona kwamba anachoka?"

"Na wewe?"

Rasha alitazama kaunta. "Juzi nilimwambia baba kuhusu sisi. Hakufoka wala hakunipiga. Aliacha kula. Jana nimemwambia nimekubali."

"Mjomba anakuja kesho, Rasha."

"Mzuie. Asije akaaibika bure, mzee wa watu."

Tahiri akalia, mlango wazi, wapita njia wakimwona, na wala hakujali. Rasha alimwacha alie, kisha akasema taratibu, "Itie sauti upya. Leo mama ataitazama na shangazi zangu. Siwezi kukaa pale nikisikia sauti yako inasema neno lililonishinda mimi."

Akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka kazi ikaisha. Wakati wa kutoka alimshika mkono kidogo, akashusha mtandio usoni, akaenda.

Jioni simu ikaita. Alikuwa Kristina, mteja wa siku nyingi.

"Kaka Tahiri, huu mwisho wako umeharibu tamthilia nzima. Yule mwanamke ninavyomjua mimi, hawezi kukubali."

"Amekubali, dada," Tahiri akajibu. "Nilikuwepo."