Sauti Kutoka Kibwezi

Siku hiyo ya soko pale Kibwezi, Ndinda alikuwa akibishana bei na mama muuza leso aliposikia sauti nyuma yake ikisema, "Hebu rudia polepole, mama, sijakupata." Leso ikamtoka mkononi.

Sauti hiyo aliijua kama anavyojua ya ndugu yake. Ndinda alikuwa nesi pekee katika zahanati ya kanisa huko Kanyangi, ng'ambo ya Mto Athi. Daktari hakuna, gari hakuna, simu hakuna. Mgonjwa akimshinda, aliwasha redio kol, akaeleza anachokiona, na mtu mmoja katika hospitali ndogo ya Kibwezi akamuuliza maswali hadi ugonjwa ukajulikana. Hawakuwahi kuonana.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye nywele za afro, shati la maua na suruali ya miguu mipana, fasheni ya miaka ile ya sabini. Alikuwa ameinama akimsikiliza bibi kizee muuza pojo.

"Kibwezi, hapa ni Kanyangi," Ndinda akasema. "Unanipata? Ova."

Kijana karibu aangushe pojo alizoshika. "Sista Ndinda! Wewe? Mimi nilidhani wewe ni mama mzee mwenye miwani!"

"Na mimi nilidhani wewe una kitambi."

Jina lake Kang'ethe, mtoto wa Wakikuyu waliohamia Kibwezi na kufungua duka kando ya barabara ya Mombasa. Alikuwa afisa wa tiba, ingawa watu wote walimwita daktari. Alimpeleka hotelini wakanywa chai, macho yake yakisafiri kutoka kola nyeupe ya gauni lake la samawati hadi mwanya wa meno yake.

"Huo mwanya redio haikuniambia," akasema.

"Redio ina adabu kukushinda."

Tangu siku hiyo redio ikawa na kazi mbili. Shida ni kwamba zahanati zote zilitumia masafa yale yale, kwa hiyo mapenzi yao yalivaa nguo za kazi.

"Kanyangi, yule mgonjwa wako wa moyo anaendeleaje? Ova."

"Anakula kidogo, daktari. Kila saa anaangalia barabara. Ova."

"Mwambie avumilie, Jumamosi nakuja kumpima mwenyewe. Ova."

"Hapa ni Kathonzweni," ikaingia sauti ya Muthoki, nesi wa huko. "Huyo mgonjwa sisi wote tunamjua. Muoe tupumzike, bwana! Ova."

Jumamosi alikuja kweli, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Akamwambia, "Mwendwa wangu, mpenzi wangu, mvua zikiisha wazee wangu watakuja kwenu." Ndinda alicheka, kisha akakimbia kumwambia Syokau.

Syokau alikuwa mke wa kaka yake, na pia rafiki yake wa kumsuka nywele na kumtunzia siri. Alikuwa mja mzito, na mvua za Novemba zilipokolea akaja zahanati akishika kichwa.

"Wifi, naona kama kuna nzi mbele ya macho," alisema.

Ndinda alipima presha, akapima tena, akaikimbilia redio.

"Bonyeza mguu wake kwa kidole gumba," Kang'ethe akasema. "Shimo linabaki? Ova."

"Linabaki. Uso pia umevimba. Ova."

"Huyo aje Kibwezi sasa hivi. Ova."

"Mto umefurika. Hata punda havuki. Ova."

Redio ilikwaruza. Kisha sauti ikarudi, tulivu. "Sawa. Wewe utakuwa macho yangu na mikono yangu. Mimi siendi mahali."

Uchungu ulikuja, na kifafa cha mimba kikaja nao. Kang'ethe alimwongoza hatua kwa hatua: mlaze ubavu, mpe sindano ya kumtuliza, hesabu pumzi. Mtoto alizaliwa akiwa kimya. Akamwambia jinsi ya kumpulizia hewa, na mtoto akalia. Ndinda alilia naye. Lakini damu ya Syokau ilikuwa haikatiki.

"Kibwezi, damu ni nyingi! Nifanye nini? Ova."

Kimya.

"Kibwezi! Kang'ethe!"

Sauti ngeni ikajibu, ya karani. "Sista, daktari ametoka mbio, amechukua gari. Mimi sijui mambo ya dawa. Ova."

Muthoki aliingia redioni kutoka Kathonzweni akajaribu kusaidia, lakini naye alijua yale yale aliyojua Ndinda. Syokau alifariki kabla jua halijazama, mkono wake ndani ya mkono wa wifi yake.

Maji yalipopungua Kang'ethe alikuja Kanyangi. Ndinda hakumfungulia mlango. Redioni alimjibu kwa maneno ya kazi tu, na Muthoki hakutania tena. Moyoni alijua jambo moja: mwanamume huyu aliona kifo kinakuja akakimbia.

Baada ya Pasaka Muthoki alimtembelea.

"Ndinda, unajua alikimbilia wapi? Mtoni. Dereva alimshika shati asijitose. Alitaka kuvuka aje kwako."

Kesho yake Ndinda alimfunga Kalondu, mtoto wa Syokau, mgongoni, akaenda Kibwezi.

Alimkuta nyuma ya hospitali, amekonda, shati limemlegea mabegani. Kang'ethe alimtazama mtoto muda mrefu kabla ya kuthubutu kumgusa shavu.

"Nilikusikia unalia kwamba damu ni nyingi," alisema. "Sikuweza kukaa tena kwenye kiti. Nilifikiri nikifika..."

"Najua. Muthoki ameniambia. Nilikudhania mwoga, na kwa hilo nisamehe."

"Ndinda, nikuoe, niwalee wewe na mtoto. Bado wazee wako tayari."

Ndinda aliketi kando yake kwenye benchi. Alikuwa anampenda, hilo halikubadilika hata siku moja, na ndilo lililomuumiza.

"Ulidhani ninakuhitaji wewe," akasema polepole. "Siku ile nilihitaji sauti yako tu. Ungebaki, pengine ungenifundisha kuikata ile damu. Pengine Syokau angekufa vilevile. Sitajua. Nimekusamehe, Kang'ethe, kweli kabisa. Lakini kila ukifungua mdomo, mimi niko pale tena na Syokau ananitazama. Nitalalaje kando ya sauti hiyo?"

Kang'ethe alifungua mdomo, akaufunga. Alielewa. Kuanzia hapo hakutamka neno. Alimpakata mtoto hadi akasinzia, akamrudisha mgongoni kwa Ndinda, akakaza leso vizuri, akamsindikiza hadi kwenye lori la kuelekea mtoni. Machozi yalimtiririka bila sauti yoyote. Ndinda alimshika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote wa stendi, kisha akapanda.

Mwezi uliofuata Kang'ethe aliomba uhamisho. Asubuhi moja Ndinda aliwasha redio, na mtu mwingine akaitika kutoka Kibwezi, mzee kidogo, mwenye kikohozi.

"Kanyangi, una mgonjwa? Ova."

Ndinda alivuta kiti karibu na redio.

"Ninaye," akasema. "Mtoto, ana homa. Sikiliza nikueleze."